Tambu Haiguswi

Bibi Rumet alikuwa na njia moja tu ya kumfundisha mtoto kuweka akiba, nayo ilikuwa kumtisha.

Hakutumia fimbo. Pale kisiwani Matupit walikuwepo mabibi wa fimbo, na wajukuu wao walikwisha kuwazoea, wanajua hata pa kujificha. Rumet alitisha kwa maneno, tena kwa sauti ya chini, mikono ikiendelea na kazi. Jioni alikaa mlangoni mwa kijumba cha nyuma, ufito mwembamba wa henzirani mapajani, akitunga tambu: simbi ndogo za konokono wa baharini, si kubwa kuliko punje ya mahindi. Mjukuu wake Ludia alikaa miguuni pake na kumpa moja moja.

"Mtu asiye na tambu akifa, inakuwaje?"

"Watu wanakuja msibani hawapewi kitu, bibi. Wanaondoka wakinong'ona."

"Na yeye mwenyewe?"

Sehemu hii Ludia hakuipenda. "Hapokelewi walikokwenda wenzake. Anabaki ufukweni peke yake. Anakula mchanga."

"Usiku na mchana," Rumet alimalizia. "Haya, lete nyingine."

Noti za kina, pesa za serikali, zilikuwa pesa za duka, zinaingia na kutoka. Tambu zilikuwa pesa za mtu. Zikiwa bado hazijatungwa ungeweza kuzinunulia samaki au kulipia faini, wala hakuna aliyekuangalia mara mbili. Lakini zikishatungwa, zikazungushwa zikawa gurudumu, gurudumu likavikwa majani makavu na kutundikwa, basi hazikuguswa tena mpaka mwenyewe afe. Hapo ndipo zilipokatwa vipande na kugawiwa waombolezaji, na watu wakasema huyu alikuwa mtu. Rumet alikuwa na magurudumu matatu kwenye kile kijumba, kubwa kuliko yote likiwa kama tairi la lori. Ludia, na miaka yake kumi, alikuwa na lake la ukubwa wa sahani.

Lilitokana na mayai. Mjomba wake Epineri, mtoto wa kiume wa pekee wa Rumet, alipanda mteremko wa Tavurvur, mlima wa moto uliokuwa ng'ambo ya maji pale pale, na kufukua mayai ya ndege wanaozika mayai yao kwenye mchanga wenye joto. Ludia aliyauza sokoni Rabaul. Mama yake alikuwa mbali, anafanya kazi mji mkuu, Port Moresby, na kila alichopewa mtoto kwa kuuza alikileta kwa bibi ili kinunue simbi.

Mara moja tu alikosea. Alinunua utepe mwekundu wa nywele na chupa ya soda, akarudi nyumbani anang'aa. Rumet hakumgombeza. Alimshika mkono, akampeleka hadi mwisho wa makaburi, karibu na maji, lilipokuwa kaburi la mzee Kaian aliyeimaliza mali yake kwenye bia. Lilikuwa halina hata ua.

"Msalimie," Rumet alisema.

"Bibi?"

"Msalimie vizuri. Mtakuja kuwa majirani."

Akamwacha hapo mpaka jua lilipozama. Baada ya siku hiyo Ludia hakununua kitu tena, hata pipi. Lakini alianza kuota, akawa anaamka analia na mkeka umelowa.

"Mama, unamharibu mtoto," Epineri alisema.

"Anaota tu. Mimi niliona kwa macho."

Na kweli aliona. Rumet alipokuwa na umri kama wa Ludia, mlima wa upande wa pili wa ghuba ulipasuka. Mama yake alifia njiani kwa majivu, na nyumba yao ikafukiwa na kila kilichokuwamo. Walimzika ndani ya mkeka mchakavu. Wajomba walipokuja hawakupata hata kipande cha tambu cha kushika mkononi; mmoja wao akajifunika uso kwa shati, aibu isionekane. Miaka karibu sitini ilipita tangu hapo, lakini Rumet akilifikiria lile shati, alishika ufito na kuendelea kutunga.

Jumapili moja, sikukuu ya Uhuru ikiwa ndiyo kwanza imepita, ardhi ilianza kutikisika. Mwanzoni watu walicheka, maana huko ardhi hutikisika na mtu akaendelea kunywa chai. Lakini mitikisiko haikukoma. Ilikuja kama lori linalopita chini ya kitanda, likageuza, likarudi. Mbwa walikataa kuingia uani. Alasiri Rumet alishuka ufukweni, akaona miamba ambayo maishani mwake hakuwahi kuiona nje ya maji. Mwani ulikuwa unaning'inia juu yake, unakauka. Chini ya bahari kulikuwa kumeinuka.

Kisha akapanda nyumbani karibu anakimbia.

"Epineri, tunaondoka. Sasa hivi."

"Mama, redio imesema tusubiri—"

"Redio ilikuwapo siku ile? Mimi nilikuwapo! Chukua mtoto."

Kijiji kizima kilikuwa kimeshaanza kufungasha. Jirani yao Isimel alikuwa na lori, na watu walikuwa wanapandiana mabegani. Rumet alikuja na gurudumu lake kubwa, analisukuma mbele yake kama mtoto anayecheza na tairi, jasho linamtiririka.

"Bibi Rumet!" Isimel alipiga kelele kutoka kwenye usukani. "Watu tu! Mizigo ibaki!"

"Huu si mzigo."

"Najua si mzigo, bibi yangu. Lakini linakalia nafasi ya watoto watatu. Nishushe watoto gani? Nionyeshe."

Watu wote ndani ya lori walimtazama. Rumet aliwatazama wale watoto, mmoja mmoja. Kisha akaligeuza gurudumu, akalirudisha. Alilitundika, akafunga kijumba kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Alipopandishwa kwenye lori alikaa karibu na Ludia akitazama nyuma, na lori lilipoingia kwenye lile tuta linalounganisha kisiwa na mji, maneno yakamtoka. Hakumwambia mtu. Yalimtoka tu kama pumzi.

"Basi mchanga nitaula mimi."

Ludia alikuwa ameegemea mkono wake. Macho yake yalikuwa wazi.

Walilala kwenye uwanja wa michezo mjini pamoja na maelfu ya watu, kama kulala ni neno lake, maana ardhi haikutulia. Kulipopambazuka Rumet alijinyoosha, akapapasa ubavuni. Mkeka ulikuwa mtupu.

Alidhani mtoto amekwenda kujisaidia. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha mkono wake wenyewe ukashuka kwenye pindo la kanga. Fundo lilikuwa limefunguliwa, na ufunguo haukuwapo.

Hakuhitaji kuuliza mtu.

"Neli!" alimwita mke wa Isimel aliyelala karibu. "Epineri yuko wapi?"

"Kaenda na Isimel kubeba wagonjwa. Kuna nini?"

"Akirudi mwambie Ludia karudi kisiwani. Mwambie nimemfuata."

"Bibi, una wazimu? Ngoja mwanao! Na miguu yako hiyo?"

Lakini Rumet alikuwa ameshaondoka.

Barabara yote ilikuwa inakuja, yeye peke yake anakwenda. Watu walimpita wakiwa na magodoro vichwani, kuku makwapani, wazee kwenye matoroli. Aliuliza kila mtu: mmemwona mtoto wa kike, gauni la njano? Wengi hawakujibu. Mwanamke mmoja alisema ndiyo, alimwona, anakimbia, akadhani amemwona mama yake mbele. Kadiri alivyoukaribia ukingo wa mji ndivyo watu walivyopungua, mpaka akabaki yeye na mbwa mmoja aliyemfuata kidogo, akasita, kisha akageuka.

Alikuwa juu ya tuta, maji kulia na kushoto, mlima ulipofunguka.

Mlio ulikuja baadaye. Kwanza aliona kitu cheusi kikisimama juu ya Tavurvur, kimya, kinene, kinapanda na kuvimba kama uji unaochemka sufuriani. Ndipo ardhi ikamtupa chini. Akiwa amepiga magoti alisikia ngurumo ikipita ndani ya kifua chake, na mkojo ukamtoka bila yeye kujua. Kitu kile cheusi kilikwenda juu, juu zaidi, kikaanza kuinama. Kilikuwa kinainamia upande wake.

Mwili wake wote ulitaka kurudi. Alikuwa mtoto tena, njia ile ile, majivu yale yale, mkono wa mama yake unalegea ndani ya mkono wake. Alijisikia akisema kwa sauti, "Siwezi, siwezi, siwezi," na huku anasema hivyo miguu inakwenda mbele.

Majivu yalimfikia alipoingia kijijini. Asubuhi ilizimika kama taa. Kwanza yalikuwa laini, kisha yakaja mazito, yamechanganyika na mawe mepesi yenye matundu yaliyogonga mabati kama mtu anayemwaga kokoto. Kulinuka kiberiti. Rumet alivuta kanga puani, akawa anakwenda kwa kupapasa: ukuta wa kanisa, tangi la maji, mti wa mfenesi. Kila baada ya hatua chache alisimama na kuita, na kila alipofungua kinywa, kinywa kilijaa.

Kisha akasikia kitu kinaburutwa.

Kilikuwa karibu na ardhi. Kinaburutwa, kinanyamaza, kinaburutwa tena, na kila kikinyamaza kulikuwa na kwikwi ndogo. Alimfikiria mzee Kaian, akawafikiria wote aliowahi kuwataja kwa kumtishia mtoto, na kwa muda wa pumzi kadhaa alisadiki kwa moyo wake wote kwamba wametoka ufukweni kumpokea.

Radi ilipiga ndani ya wingu. Katika mwanga wake alimwona Ludia. Alikuwa mweupe kwa majivu kuanzia utosini hadi vidoleni. Gurudumu lake dogo lilikuwa shingoni, na kwa mikono miwili alikuwa analivuta lile kubwa, kurudi nyuma, kidogo kidogo, kama chungu anayevuta mende.

"Ludia!"

Mtoto alipiga ukelele. Rumet alimfikia, akamkumbatia, akamhisi anatetemeka kama kifaranga.

"Twende. Twende, mwanangu, liache."

"Siliachi."

"Liache nimesema!"

"Ni lako, bibi! Wewe ndiye utakufa kwanza!" Ludia alikuwa analia kwa sauti kubwa sasa, majivu na kamasi usoni. "Ulisema utakula mchanga! Nilikusikia! Sitaki ule mchanga!"

Rumet alijaribu kumbandua vidole, lakini vilikuwa vimekamata majani ya gurudumu kama vya maiti. Alipobandua mkono mmoja, mwingine ulirudi. Paa la nyumba ya jirani lilianguka kwa kishindo. Mtoto hakugeuka hata kutazama. Mlima haukuwa kitu kwake, alikuwa na hofu kubwa kuliko mlima, na Rumet alijua fika ni nani aliyempa hofu hiyo, jioni moja baada ya nyingine, mlangoni mwa kijumba.

Mlango wa kijumba ulikuwa hatua chache tu nyuma yao. Rumet alipapasa ndani ya kizingiti, mahali lilipokaa panga. Akarudi nalo.

"Bibi, unafanya nini? Bibi!"

Alikata. Alikata majani, alikata kamba zilizoshikilia mizunguko, na gurudumu likafumuka, likajitandaza juu ya majivu kama nyoka waliochokozwa. Jasho la miaka yote ile, biashara ya ndizi na vikapu, kila tambu aliyojinyima nguo ili aipate, na hakuna aliyekufa. Ludia alipiga yowe ambalo hakulipiga kwa mlima. Alijitupa juu ya zile simbi akizikusanya kifuani.

"Imekwisha," Rumet alisema. Sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Hakuna gurudumu tena. Hakuna cha kukaa nacho. Inuka."

"Umezigusa!"

"Nimezigusa. Nimezigusa mimi, si wewe. Sasa inuka, mama, kabla sijakubeba mgongoni tukafa wote wawili."

Mtoto aliinuka. Kwenye giza lile mtu hakuona mkono wake mwenyewe, na Rumet alijua wakiachana hata kwa urefu wa mkono hawataonana tena. Akaokota urefu mmoja wa tambu zilizokatika, akaukunja mara mbili, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa Ludia na nyingine kwenye wake. Aling'oa mkeka kijumbani, wakajifunika vichwa, wakaondoka.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko maisha. Mawe yaliugonga mkeka mpaka ukawa mzito kama mlango. Waliufuata ukuta, ulipokwisha wakafuata mtaro. Rumet alikuwa anasema maneno yoyote tu, mtoto asikie sauti: hapa kwa Isimel, hapa ulipoanguka ukavunja jino, hapa kanisa, unaliona? Halionekani, lakini lipo.

"Bibi, tutakufa?"

"Sijui," Rumet alisema, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kudanganya. "Tembea."

Walipofika kwenye tuta kulisikika mlipuko mwingine, huu wa upande wa pili wa ghuba. Rumet aliutambua. Ulikuwa mlima wake wa utotoni. Akasimama kama aliyepigwa msumari, akawa anasikiliza kitu kingine nyuma ya mlio ule, kitu kama pumzi ndefu inayovutwa. Ilikuwa bahari.

"Nishike!" alipaza sauti.

Maji yalikuja kutoka kushoto, ya moto vuguvugu, yamejaa mawe yanayoelea. Yalimfika mapajani, yakamzungusha. Alihisi uzi wa tambu ukikaza, ukimkata ngozi. Halafu haukukaza tena. Ulilegea. Alipouvuta ulikuja wote, mwepesi, na simbi zikamdondokea miguuni ndani ya maji.

"Ludia!"

Alipiga magoti majini, akawa anapapasa kwa mikono yote miwili: mawe, tawi, ndara, mawe. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Maji yalianza kurudi, yakivuta kila kitu kuelekea kulia, naye akayafuata kwa magoti mpaka alipohisi ukingo wa tuta chini ya vidole vyake, na baada ya hapo hakuna kitu. Alilala kifudifudi, akanyoosha mkono chini kadiri ulivyofika. Aligusa kitu kigumu cha mviringo, kilichovikwa majani.

Lilikuwa lile gurudumu dogo. Alilivuta, likavutika zito, na shingo iliyokuwa ndani yake ikakohoa.

Alimpandisha kwa gauni, kwa nywele, kwa chochote. Walilala juu ya tuta, mmoja juu ya mwingine, wanatapika maji ya chumvi na tope. Rumet hakuwa na nguvu tena za kusimama. Alimfunika mtoto kwa mwili wake, mkeka ukiwa umekwenda na maji, akawa anayahisi mawe mgongoni na kuwaza kwamba ndivyo mama yake alivyofanya pia, sasa amekumbuka, ndivyo alivyofanya.

Epineri aliwakuta hapo. Alikuja na taa ya tochi isiyomulika zaidi ya hatua mbili, kitambaa kimefungwa usoni, na karibu awakanyage.

"Mama? Mama!"

"Mchukue yeye kwanza," Rumet alisema.

"Nawachukua wote. Isimel yuko pale na lori, anatukana kama mlevi. Inuka, mama. Shika shati langu."

Waliishi kambini upande wa Kokopo, chini ya maturubai, wao na nusu ya mji. Ng'ambo ya ghuba mlima uliendelea kutoa moshi, na vumbi lake liliingia hata kwenye wali wa msaada. Baada ya majuma kadhaa Epineri aliruhusiwa kwenda kutazama nyumba. Alirudi na gurudumu moja, lile la kati, alilolikuta chini ya mabati. Tambu zilizokatwa zilikuwa chini ya majivu yanayofika kiunoni. La tatu halikuonekana. Huenda lilizikwa, huenda lilitembea na wezi. Lile dogo, Ludia alikuwa bado analivaa. Alilala nalo.

Lakini hakuwa sawa. Padre alipogawa biskuti, yeye hakula. Alizificha chini ya mkeka mpaka zikaota ukungu. Neli alimpa sarafu ya toea ishirini ili tu acheke, naye akaikabidhi kwa bibi yake hapo hapo, kana kwamba ilikuwa kaa la moto. Na kila ardhi ilipotikisika, hakutazama mlima. Alimtazama Rumet, alimkagua, kama mtu anayetazama kama mgonjwa bado anapumua.

Hilo ndilo lililomshinda Rumet. Asubuhi moja ya soko alilishusha lile gurudumu lililobaki, akalifungua mbele ya watu. Wanawake wa kambini waliacha kufua.

"Bibi Rumet, kuna msiba?" Neli aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa mbona—"

"Ni langu, Neli. Fua nguo zako."

Alikata urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, akaufunga upya mviringo uliobaki, akamwita Ludia. Sokoni Kokopo walitembea taratibu, mtoto ameshika kanga ya bibi yake kwa mikono yote miwili. Rumet alisimama kwa muuza samaki.

"Bibi, utapungukiwa," Ludia alinong'ona.

"Nitapungukiwa."

"Na ukifa?"

Rumet alichuchumaa, magoti yakalia, nyuso zao zikawa sawa. Alikuwa amejiandalia maneno tangu usiku, mengi na mazuri, na yote yalimpotea.

"Nikifa mtanizika," alisema. "Mimi nilikwambia mambo ya ufukweni kwa sababu niliogopa. Sijui kama ni kweli. Hakuna aliyekwenda akarudi. Unanisikia? Sijui." Akamwekea kipande cha tambu kiganjani. "Kuweka ni vizuri. Utaweka, na mimi nitakusaidia. Lakini leo hii tunakula samaki, kwa sababu tuna njaa, na mtoto wa Neli anaumwa, naye atakula. Kinachobaki ndicho tutakachoweka. Wewe utasema kiasi gani."

"Mimi?"

"Wewe."

Ludia alikitazama kipande kile kwa muda mrefu. Muuza samaki, mwanamke mnene mwenye kofia ya majani, alianza kukosa subira.

"Mnanunua au mnasali?"

Wakati huo huo ardhi ilitikisika. Soko zima lilinyamaza, mikono ikabaki hewani juu ya mafungu ya ndizi. Ludia aliruka, akamkamata bibi yake shingoni, uso umepauka, na Rumet akahisi moyo wa mtoto ukigonga juu ya wake uliokuwa unagonga vile vile. Walikaa hivyo, wamechuchumaa. Ng'ambo ya maji moshi ulipanda kidogo, ukasimama. Mtu mmoja alicheka kicheko cha woga. Sauti zikarudi moja moja.

Ludia aliachia shingo ya bibi yake, lakini si kanga.

"Wale wadogo," alimwambia muuza samaki, kwa sauti nyembamba iliyokuwa bado inatetemeka. "Wale wadogo ni kiasi gani? Na usinipe wa jana."